Kuku wa Mzee Aliyeimbiwa Akiwa Hai

Watu wa mradi walipomchukua mjukuu wangu kumfundisha awe mwalimu wa muziki, walisema muziki utaleta maendeleo endelevu ya jamii. Nilisikia maneno hayo mara nyingi hata nikayazoea, vile mtu huzoea mbwa wa jirani. Mimi nimekaa Kianda, hapa Kibera, tangu nyumba za hapa zikiwa udongo mtupu, na nimeona maendeleo ya kila aina yakija na gari jeupe na kurudi na gari jeupe. Walituletea choo, wakakifungua kwa utepe, kikajaa, wakaenda kupiga picha kwingine. Kwa hivyo walipokuja na muziki sikushangaa. Nilijua tu vyoo vimewashinda.

Mjukuu wangu nimemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki. Alimaliza kidato cha nne, akakaa, halafu akaanza kwenda kufua nguo kwa nyumba za matajiri kule Lavington. Kazi hiyo naijua, niliifanya nikiwa na nguvu. Mnakaa kwenye majani kando ya barabara, wanawake wazima, gari likisimama mnainuka wote kama mbuzi wa mnada, na mwenye gari anachagua mmoja. Jioni unarudi vidole vimechubuka, na siku nyingine unarudi tu, hukuchaguliwa. Kwa hivyo aliponiambia amepata nafasi ya kusomea ualimu wa muziki bure, sikumcheka. Nilingoja atoke ndipo nikacheka.

Mafunzo yenyewe yalikuwa Kawangware, kwa ukumbi mmoja nyuma ya soko. Siku moja nilifunga kibanda changu cha mboga nikaenda kuona ni nani wanakaa na mtoto wangu mchana kutwa. Nikakuta watu wazima, wengine wana ndevu, wamekaa chini wakijipigapiga magoti. Mkufunzi alikuwa kijana mrefu wa viatu vya turubai, Mkenya huyu wetu, lakini aliyesomea mbali akarudi na Kiswahili cha kutafutatafuta.

"Karibu mama! Jiunge na sisi kwa duara."

"Duara ni yenu. Mimi nipe kiti."

Akaniletea kiti, akachuchumaa mbele yangu kama daktari wa watoto. "Hapa, mama, mwalimu hafundishi. Mwalimu anawezesha tu. Muziki tayari uko ndani ya mtoto."

"Kama uko ndani tayari, wewe unalipwa kwa nini?"

"Shosh, bana!" mjukuu wangu akanong'ona, akaficha uso.

Kijana akacheka. Hilo ndilo baya la watu wale, ukiwatukana wanasema asante kwa mchango wako.

Lakini jambo moja alinieleza nikaelewa, na hilo nikalishika. Wakimaliza mafunzo, kila mmoja atafungua darasa la watoto mtaani kwake, alifundishe muhula mzima. Mwisho wa muhula wakaguzi watakuja. Wakikuta watoto wapo na wanaimba, mwalimu anapewa cheti na kupelekwa shule yenye nafasi. Kwa mjukuu wangu shule ilikuwa imeshapatikana, hapa karibu na Olympic, mwendo wa kutoka tu mlangoni. Wakikuta ukumbi mtupu, hakuna cheti, hakuna shule. Anarudi kwenye majani Lavington kungoja kuchaguliwa.

Basi nikaenda kwa pasta kumwomba ukumbi wa kanisa saa za jioni watoto wakitoka shule. Mimi siombi watu vitu, na pasta wetu namjua, hutoa kitu kama anang'olewa jino. Siku hiyo niliomba, na akanipa, kwa sharti watoto wasiguse spika za kanisa.

Sasa wimbo. Walimu wote waliambiwa waende wakachukue wimbo kwa watu wao, wauletee watoto, ili mila isipotee. Nikajiuliza, huyu wangu watu wake ni nani? Amezaliwa Kibera, anaongea Sheng, lugha ya kwetu anajua ya kusalimia na ya kuitisha chai. Lakini alikuwa na wimbo mmoja kichwani. Tulipopeleka mwili wa babu yake nyumbani, magharibi, yeye alikuwa mdogo wa kubebwa mgongoni akichoka, na akasikia wanawake wakiimba na kujibizana, makofi yakilia. Akaona na watu wengi na nyama. Kwa akili yake ya utoto akaweka kwamba ile ilikuwa sherehe.

Ni wimbo wa kumtoa maiti ndani ya nyumba. Jeneza likivuka mlango, mmoja anaanza, wengine wanajibu, mpaka mwili ufike uani. Hauimbwi siku nyingine yoyote. Hata mtu akiwa peke yake shambani hauimbi.

Mtaniuliza, wewe bibi ulikuwa wapi? Nilikuwa hapo hapo nikichambua mrenda. Nilimsikia akiuimba huku akisuka nywele, lakini alikuwa ameukimbiza kama tangazo la redio, na ni wimbo wa kujibizana, bila wa kumjibu haujulikani. Nilidhani ni takataka ya Kawangware. Nilimwambia tu, "Punguza, unanitia kizunguzungu." Kule Kawangware mkufunzi alipousikia alifunga macho, akasema una roho. Wakauwekea kupiga magoti, wakauwekea na ndoo za plastiki zilizopinduliwa, ndizo ngoma zao.

Watoto walikuja wengi. Huku kwetu mtoto huenda popote penye kelele. Na lazima niseme ukweli, msichana wangu alikuwa anawaweza. Anainua mkono wananyamaza, jambo ambalo walimu wao wa shule hawajaliweza na viboko. Nilipita mara moja nje ya ukumbi nikaona vichwa vyote vimeelekea kwake. Nikaendelea na safari yangu.

Sasa, ploti ya nyuma yetu kulikuwa na mzee mgonjwa. Fundi wa mawe, mtu wa kwetu, mkali, mwenye mdomo. Tangu mvua kubwa alikuwa amelala akiangalia ukuta. Hospitali ilimpima, ikampa dawa, ikamrudisha, naye akageukia ukuta ule ule. Chakula anarudisha. Bibi yake, ambaye tuko naye kikundi cha kina mama kanisani, alikuwa amekonda kuliko yeye. Mfereji wa maji wa upande wetu uko mbele ya mlango wake kabisa, na watoto ndio hutumwa maji.

Siku hiyo jioni mfereji ulikuwa umekauka, watoto wamepanga mitungi wakingoja. Mtoto akikaa na mtungi mtupu ataupiga. Mmoja akaanza ule wimbo wa darasa, wengine wakajibu, mitungi ikalia. Ndipo nikausikia vizuri kwa mara ya kwanza, na majibu yake. Kisu cha mboga kiliniponyoka. Watoto wanamtoa mzee wa watu ndani ya nyumba.

Kabla sijafika, kina mama walikuwa wamefika. Watu wetu ni wepesi kwa matanga kuliko kwa kitu kingine. Leso zimefungwa kiunoni, huyu ana sukari, yule ana unga, kijana mmoja anauliza hema litasimamishwa wapi na kama stima itafika. Bibi ya mzee alikuwa amekwenda dukani, mlango umerudishwa tu. Basi wakaketi pale nje wakaanza kulia, na katikati ya kulia wakaanza kumsema.

"Wueh, alikuwa mtu mzuri."

"Mzuri wapi? Si alinifukuza hapa na jiwe nikimwomba kibiriti?"

"Mwache apumzike, mama. Alikuwa tu na ulimi."

"Kama ni choyo, hiyo atazikwa nayo."

"Na huyu mama ataolewa tena, bado ana nguvu."

Mlango ukafunguka. Mzee amesimama pale na fulana, blanketi begani, miguu kama vijiti, macho yanawaka. Tangu mvua hakuna mtu alikuwa amemwona akisimama.

"Nani ataolewa?"

Mwenye sukari aliiacha sukari. Mwenye unga alikimbia nao, huyo ndiye aliyekuwa na akili. Watoto wakatawanyika, mitungi ikibingirika. Mzee akashika fimbo ya kufungia mlango, akawatupia matusi yote aliyokuwa ameyaweka tangu augue, akapiga hatua mbili nje, akamshika mtoto mmoja kwa kola.

"Nani amekufundisha huo wimbo?"

"Ticha," mtoto akalia, akaonyesha kidole kwetu.

Baadaye mradi uliandika kwamba mgonjwa mmoja Kianda aliinuka kitandani kwa nguvu za muziki. Upuuzi. Mtu yule aliinuliwa na hasira. Ukilala ukasikia wanawake wakigawa bibi yako, hata wewe utaamka.

Lakini wakati huo hakuna aliyecheka. Bibi yake alirudi akakuta uwanja umejaa leso, akapiga mayowe kwanza, halafu alipoelewa akaja moja kwa moja mlangoni kwangu.

"Mimi na wewe tunaomba pamoja," akaniambia. "Na mtoto wako anakuja kunitolea mzee maiti, na bado anahema?"

"Hakujua."

"Wewe ulijua."

Akaondoka, na kabla jua halijazama kila mama wa upande huu alikuwa amesema mtoto wake haendi tena kwa darasa la kuita mauti. Pasta akafunga ukumbi kwa kufuli mpya. Huyo hakungoja hata kuulizwa, alikuwa anatafuta sababu.

Kesho yake mjukuu wangu alikaa kwenye ngazi za kanisa na ndoo zake. Hakuna mtoto aliyekuja. Alienda tena siku iliyofuata. Nilimwona akirudi na ndoo zimepangwa moja ndani ya nyingine, na wakaguzi walikuwa karibu kufika. Usiku hakula. Asubuhi nikamkuta anatafuta sabuni ya kipande na aproni yake ya kufulia.

"Unaenda wapi?"

"Lavi, shosh. Kwani kutakuwa na darasa gani?"

"Weka hiyo aproni chini," nikamwambia. Sikuwa na mpango wowote. Nilimwambia tu aweke chini.

Mkufunzi alikuja na viatu vyake vya turubai kuitisha mkutano wa washikadau. Hiyo ndiyo dawa yao, ukiumwa na kitu wanaitisha mkutano. Pasta alifungua kufuli kwa siku moja. Kijana akabandika karatasi kubwa ukutani, akatugawia vikaratasi vya rangi.

"Kila mmoja aandike anachohisi."

"Wengine hatujui kuandika," mama mmoja akasema.

"Basi chora, mama."

"Nichore hasira?"

Nusu ya vikaratasi vilirudi vitupu, vingine watoto wa mgongoni walikuwa wamevila. Kisha kijana akatoa wazo kwamba wimbo uwekewe maneno mapya, ya kunawa mikono. Bibi ya mzee akasimama. Akasema mtu akimwimbia mume wake tena wimbo huo, wa mikono au wa miguu, yeye hatajua atafanya nini. Kina mama wakaguna. Nikaona mjukuu wangu akiangalia sakafu, na nikajua darasa limekufa.

Mzee alikuwa ameletwa, amekalishwa mbele, kwenye kiti cha pasta, blanketi lile lile. Kijana akamgeukia, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mzee, wewe ndiye uliyeumizwa. Kulingana na mila zenu, ni nini kinaweza kuponya jambo hili?"

Nilikuwa karibu na mzee, nikaona macho yake yakienda huku na huku, kama mtu dukani anayeangalia rafu zote.

"Iko," akasema. "Iko mila."

"Tafadhali tueleze."

"Mtu akiimbiwa wimbo huo na yuko hai, lazima wale waliomwimbia wamletee kuku. Jogoo. Wa kienyeji, huyu wa gredi hafanyi kazi. Anapikwa, analetewa na ugali, naye anakula mbele yao, wote wakimtazama, mpaka waone kweli ni mzima. Firigisi ni yake. Hapo wimbo unatoka kwake."

Kijana alikuwa anaandika mpaka ulimi umetoka nje.

Mimi nimezaliwa huko. Nimeolewa huko, nimezika huko wazazi, mume na watoto. Sijawahi kusikia mila hiyo. Hakuna mtu amewahi kuisikia. Ilizaliwa pale pale, kwenye kiti cha pasta, kutoka kwa tumbo la mtu aliyekaa muda mrefu na uji.

Na kila mtu akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye mkubwa wa kina mama wa kwetu.

"Mama," kijana akasema, "ni kweli? Ndivyo mnavyofanya?"

Mtaa mzima unajua mimi husema kitu vile kilivyo. Nimemwambia pasta kwamba mahubiri yake ni marefu kwa sababu hajui yanaishia wapi. Nimemwambia bibi harusi mbele ya watu kwamba bwana harusi ni mlevi, na alikuwa. Kwa hivyo walikuwa wanangoja. Mzee alinitazama kwa pembe ya jicho. Bibi yake alinitazama, na yeye pia ni wa kwetu, na yeye pia alijua. Nikaona ametazama mdomo wa mume wake, ule mdomo uliokataa chakula tangu mvua, na umetoka kutaja firigisi. Kisha akaketi.

Nikamtazama mjukuu wangu na vile vidole vyake vya kufulia.

"Mzee amesema," nikajibu. "Mkimaliza kuandika, mtafute jogoo."

Mradi ulinunua jogoo. Nani alimpika? Mimi. Kijana alitaka kumpiga picha kuku akichinjwa, nikamwonyesha mlango. Watoto waliruhusiwa siku hiyo kwa sababu bila wao mila haingekamilika, na mama zao walikuja nao kwa sababu hakuna mtu angekosa kuona mzee akila. Wakakaa chini, ndoo kando, wakimezea mate harufu.

Mzee alikula. Polepole mwanzoni, kama mtu anayejaribu kiatu, halafu kwa bidii. Bibi yake alisimama nyuma ya kiti, mikono imefungwa kifuani, akihesabu kila tonge kwa macho. Ukumbi mzima unasikiliza mifupa ikivunjika. Mwishowe mzee akachoka kutazamwa.

"Mnaniangalia hivyo nimekuwa televisheni? Imbeni."

Mjukuu wangu akainuka. "Tuimbe gani, guka?"

"Ule ule."

"Mzee!" bibi yake akapaza sauti.

"Nyamaza, mama. Kuku ni wangu. Wengine wakiimbiwa hawasikii. Mimi nataka kuusikia nikiwa na paja mkononi."

Msichana akanitazama. Nikatazama sufuria. Basi akainua mkono, watoto wakaanza, kwa zile mbio zao za redio. Mzee akapiga meza na mfupa.

"Hapana! Mnanikimbiza wapi? Mtu anatoka kwa nyumba yake mara ya mwisho, mnamkimbiza?"

Mjukuu wangu akauanza tena, polepole. Safari hii aliuimba vile nilivyousikia nyumbani, sauti ikishuka pale inapotakiwa kushuka, na watoto wakajibu, na hakuna aliyegusa ndoo. Kina mama wawili watatu wakaanza kujibu bila kujijua. Mimi sikuimba. Mzee alitafuna mpaka mwisho wa wimbo, akameza, akasema, "Sawa. Siku yenyewe mje hivyo." Kisha akaitisha supu.

Wakaguzi walipokuja watoto walikuwepo wote, na waliimba nyimbo nyingine, mjukuu wangu si mjinga. Mtoto wa kwanza kufika siku hiyo aliletwa na bibi ya mzee mwenyewe, amemshika sikio. Wakaguzi waliandika, wakatabasamu, wakala mandazi, wakaondoka na gari jeupe. Msichana wangu sasa anafundisha ile shule ya karibu na Olympic. Akitoka asubuhi namsikia mpaka kona ya pili, ana viatu vinavyolia.

Na mila? Mila imeendelea, hiyo ndiyo endelevu niliyoiona kwa macho. Imeingia kwa mafunzo. Kule Kawangware walimu wapya hufundishwa kwamba kabla ya kuchukua wimbo kwa wazee wa magharibi, lazima upeleke jogoo wa kienyeji. Wazee wa Kawangware hawakubisha hata mmoja. Fundi wetu wa mawe huendewa na bodaboda, anakalishwa mbele, anaitwa mshauri wa mila, anakula, anarudishwa. Amenenepa. Akipita kibandani kwangu ananisalimia kwa heshima ambayo hakuwa nayo zamani, na mimi namwuzia sukuma bila kumtazama.

Juzi mjukuu wangu alirudi kazini akakaa kando yangu, akachukua fungu la mrenda.

"Shosh."

"Mm."

"Ile mambo ya kuku. Ni mila kweli, ama mzee alituchezesha tu?"

"Wewe uko na kazi?"

"Niko."

"Basi chambua mboga."